Meza ya Watu Sita

Kila siku alfajiri, mama yake Chiriku alipokuwa akifunga kamba za viatu vyake ili aende kazini, aliuliza maswali yaleyale.

"Sindano?"

"Najidunga sasa hivi, mama."

"Chai?"

"Ipo kwenye chupa."

"Daftari?"

"Nitatia tiki."

Mama aliridhika, akatoka mbio. Alikuwa fundi cherehani katika karakana ya kushona sare, na zamu yake ilianza saa kumi na mbili kamili. Aliyechelewa alikuta mlango umefungwa.

Binti yake alikuwa na miaka kumi na miwili. Mtaa mzima ulimwita Chiriku kwa sababu ya mdomo wake. Akianza kusimulia jambo, chai ya mgeni hupoa na mgeni husahau kilichomleta. Lakini lilikuwepo jambo moja ambalo Chiriku hakumsimulia mtu yeyote.

Miaka miwili nyuma, Chiriku aligunduliwa kuwa na kisukari. Mwili wake ulikuwa umeacha kutengeneza insulini, ile inayoiwezesha sukari ya chakula kugeuka nguvu. Kwa hiyo alipaswa kujidunga insulini mara mbili kwa siku, asubuhi kabla ya chai na jioni kabla ya chakula. Jioni mama alikuwepo na alishuhudia kwa macho yake. Asubuhi Chiriku alibaki peke yake.

Na asubuhi, mlango ulipofungwa tu, Chiriku alifungua daftari la sindano, akatia tiki nzuri yenye mkia mrefu, kisha akachukua mkoba wake wa shule. Chupa ya insulini ilibaki palepale ilipohifadhiwa, ndani ya kikopo kilichoelea kwenye mtungi wa maji ya baridi. Hakuigusa.

Hakuwa mvivu, wala sindano hazikumtisha. Kilichomtisha ni kicheko. Miezi mitatu iliyopita alijidunga kama kawaida, lakini alikuwa amechelewa, akakimbilia shuleni bila kunywa chai. Saa nne, akiwa ubaoni anakokotoa hesabu ya sehemu, miguu ilimwishia nguvu. Alianguka na chaki mkononi. Alipozinduka, sauti ya kwanza aliyoisikia ilitoka dawati la nyuma: "Kaanguka kama gunia la viazi!" Darasa likaangua kicheko. Tangu siku hiyo, watoto wengine walimwita Gunia.

"Usiwajali," Chiriku aliambiwa na rafiki yake, msichana aliyekaa naye dawati moja. "Watasahau."

"Na nikianguka tena?"

"Si umwambie mwalimu? Atajua la kufanya."

"Nimwambie kwamba mimi ni mgonjwa? Bora ardhi inimeze!"

Basi Chiriku akajitungia dawa yake mwenyewe. Ikiwa sindano ya asubuhi ndiyo iliyomwangusha, asingejidunga asubuhi. Na kweli hakuanguka tena. Lakini kila alipokwenda kliniki, sukari yake ilikuwa juu. Daktari alitazama daftari lililojaa tiki, akatikisa kichwa, akaongeza dozi. Mwezi uliofuata akaongeza tena.

Siku ya siku ikafika. Chiriku alirudi kutoka shuleni akiwa na kiu isiyo na mwisho. Alikunywa jagi zima la maji, akaenda msalani, akarudi kunywa tena. Kufikia jioni alikuwa anatapika na kuhema kama mtu aliyepanda mlima. Mama alipofika na kumkuta amejikunja sakafuni, hakuuliza swali. Alimbeba mgongoni, mtoto mkubwa vile, mpaka barabarani alikopata gari la kuwapeleka hospitali kubwa, ile inayofundisha madaktari na wauguzi.

Siku mbili Chiriku alilala na dripu mkononi. Siku ya tatu alihamishiwa wodi ya watoto, akiwa mnyonge lakini mdomo umesharudi kazini. Asubuhi hiyo alijiwa na mama mmoja wa makamo, muuguzi aliyefundisha kwa miaka mingi, ambaye kila mtu pale alimwita Mkufunzi. Nyuma yake walisimama vijana watatu.

"Hujambo, mwanangu? Hawa ni wanafunzi wangu," alisema Mkufunzi. "Huyu anasomea udaktari, huyu uuguzi, na huyu famasia, yaani mambo ya dawa. Zamani kila mmoja alifundishwa kwenye jengo lake, wakaja kukutana kazini kama abiria wasiojuana. Mwaka huu wanajifunza pamoja, kwa mgonjwa mmoja. Tungependa mgonjwa huyo awe wewe, kama wewe na mama mtakubali."

Mama, aliyekuwa kando ya kitanda, alikubali. Chiriku akawatazama wote watatu. "Kwani naumwa sana kiasi hicho?"

Wakacheka, na urafiki ukaanza. Kabla ya mchana Chiriku alikuwa ameshawapa majina. Wa udaktari akawa Miwani, maana alivaa miwani mikubwa iliyoteleza puani kila alipoandika. Wa uuguzi akawa Dada Pole, kwa sababu alisema "pole" hata alipogusa ukingo wa kitanda. Wa famasia, aliyeinama kila alipopita mlangoni, hakuwa na jinsi. Akawa Twiga.

Ila kufanya kazi pamoja walikuwa hawajakujua. Alikuja Miwani na karatasi zake, akauliza na kuondoka. Akaja Dada Pole na maswali yaleyale. Twiga alipofika na kuuliza umri, Chiriku alishindwa kuvumilia.

"Kaka, nina miaka kumi na miwili. Nilikuwa nayo saa mbili alipouliza yule wa miwani, na saa tatu nilikuwa nayo bado. Hamwezi kuulizana?"

Twiga alicheka mpaka akagonga taa ya kitandani kwa kichwa.

Lakini wote watatu waliuliza swali jingine pia, na hilo Chiriku hakulitania. "Unajidunga kila siku, asubuhi na jioni?"

"Ndiyo," aliwajibu mara tatu.

Miwani alilipekua daftari lake ukurasa kwa ukurasa. "Hongera sana! Hujaruka hata siku moja. Wewe ni mgonjwa wa mfano." Chiriku akageuka kutazama dirisha. Miwani akaendelea, akiwa na uhakika wote wa dunia: "Kama unajidunga hivi na sukari bado inapanda, basi dozi ni ndogo. Kesho saa sita daktari bingwa anapita. Nitampelekea mpango wa kuiongeza."

Kesho yake asubuhi Dada Pole alisimamia sindano. Chiriku akajidunga uniti kumi na sita, ile dozi iliyoandikwa kliniki, kisha akanywa chai na kumaliza mkate wote. Ilikuwa sindano yake ya kwanza ya asubuhi baada ya miezi mitatu.

Ilipokaribia saa nne, alikuwa anasoma kitabu cha hadithi. Mistari ikaanza kucheza. Jasho jembamba lilimtoka shingoni, vidole vikatetemeka, kitabu kikamponyoka. Dada Pole, aliyekuwa akitandika kitanda cha pili, aliacha shuka na kufika kwa hatua mbili. Alimtoboa kidole, akatazama kipimo, akamwita muuguzi wa zamu kwa sauti isiyo na hofu: "Sukari imeshuka sana. Nampa maji ya sukari sasa hivi." Akamnywesha taratibu huku amemkumbatia begani.

Baada ya dakika chache dunia ilitulia. Chiriku alikuwa analia.

"Nimeanguka?" aliuliza.

"Hujaanguka. Nimekushika."

"Nilijua tu. Ndiyo maana mimi huwa si..." Akajing'ata ulimi.

"Ndiyo maana huwa hufanyi nini, mdogo wangu?"

"Hakuna kitu. Dada, tafadhali, usimwambie mtu."

Dada Pole alifikiri kabla ya kujibu. "Hilo siwezi kukuahidi. Siri inayoweza kukuumiza siwezi kuitunza. Ninachoweza kukuahidi ni kwamba itakapozungumzwa, hutakuwa peke yako."

Saa tano Mkufunzi aliwaita wote katika chumba kidogo mwishoni mwa wodi. Kulikuwa na meza ya mbao iliyobanduka rangi na viti sita, kimoja kikiwa cha watoto, chekundu, cha plastiki. Mama, aliyeomba ruhusa kazini, alikaa karibu na binti yake. Twiga alifika wa mwisho, akaangukia kile chekundu, magoti yakawa jirani na masikio. Chiriku angecheka siku nyingine.

"Kabla ya kumwona daktari bingwa, tutasikilizana," alisema Mkufunzi. "Kila mmoja aseme alichokiona kwa macho yake. Anachokidhani kitasubiri. Na hakuna kusema mara ya pili kabla wote hawajasema mara ya kwanza. Mama na Chiriku ni wa meza hii kama sisi."

Miwani alianza. Alieleza vizuri, kwa mpangilio: sukari ilivyokuwa juu miezi mitatu mfululizo, daftari lisilo na pengo, dozi iliyopandishwa mara mbili bila mafanikio. Mpango wake ulikuwa tayari kwenye karatasi. Dozi ya asubuhi iwe uniti ishirini.

Akafuata Dada Pole. "Nimeona mambo mawili. La kwanza, leo amejidunga zile kumi na sita, amekula chakula chote, na bado sukari imeshuka mpaka akatetemeka. La pili ni ngozi yake. Mama aliniambia sindano ya jioni huchomwa paja la kushoto. Chiriku aliniambia ya asubuhi huchoma la kulia. Paja la kushoto lina alama nyingi. La kulia ni laini, kama halijawahi kuona sindano kabla ya leo. Sijui maana yake, ndiyo maana naliweka mezani."

Chiriku akavuta gauni lake kufunika mapaja.

Zamu ikawa ya Twiga. Aliiweka mezani ile chupa ya insulini ambayo mama aliileta kutoka nyumbani. "Mama ameandika hapa tarehe aliyoifungua, wiki nne zilizopita. Kwa dozi aliyoandikiwa, ilipaswa kubaki kama theluthi moja. Imebaki robo tatu. Nimehesabu mara tatu nikidhani nimekosea." Akashusha sauti. "Kusema kweli, nilitaka kunyamaza. Niliona haya kumpinga mtu wa udaktari kwa hesabu za chupa."

 Chiriku aliwatazama mmoja mmoja, na pamoja na hofu yake yote, alishikwa na mshangao ambao hakuwahi kuujua. Siku za likizo alikuwa akienda karakana ya mama, akaona jinsi mkono wa shati, kola na mgongo vinavyokuja kutoka kwa mafundi tofauti, kila kipande hakina maana kikiwa peke yake, mpaka vikutane chini ya sindano ya cherehani na ghafla kuwe na shati. Ndivyo ilivyokuwa sasa. Hakuna aliyemwita mwongo. Hakuna hata aliyejua anachokishona. Kila mmoja alileta kipande chake kidogo, na ukweli wake, alioufungia miezi mitatu peke yake, ulikuwa unasimama wenyewe katikati ya meza.

Miwani alivua miwani yake. "Mkufunzi, nimeshasema mara moja. Naomba niulize tu." Akamgeukia Dada Pole. "Kwa kumi na sita alitetemeka. Angepewa ishirini?"

"Huenda ningemshika akiwa hajitambui," alijibu Dada Pole polepole. "Au nisingekuwepo wa kumshika."

Kijana akaitazama karatasi aliyoandika kwa mwandiko mzuri. Akachora mstari mrefu juu ya mpango wote.

"Bado kuna mtu hatujamsikia," alisema Mkufunzi.

Hakuna aliyemkazia macho Chiriku. Walingoja tu. Dada Pole alisogeza kiti chake, mabega yao yakagusana. 

"Tiki za asubuhi ni za uongo," alisema Chiriku.

"Tiki gani?" aliuliza mama.

"Zote, mama. Miezi mitatu sijidungi asubuhi. Nilianguka shuleni, wakanicheka, wakaniita Gunia. Niliogopa kuanguka tena."

Mama alikunja mikono yake mapajani, ile mikono iliyozoea kuwa na kazi. "Lakini nilikuuliza kila siku, mwanangu."

"Uliuliza, mama. Ukiwa unatoka."

Neno hilo lilimchoma mama, lakini hakupandisha sauti. Machozi yalimlengalenga. "Ni kweli," alisema. "Nilikuwa naangalia viatu. Ungeniambia, hata ningechelewa, tungelia wote tukamaliza. Sasa ningekuzika bila kujua nimekuzikia nini?"

Chiriku akamwangukia kifuani. Walilia, na Twiga akajifanya anakagua kizibo cha chupa.

"Nisamehe," Miwani alimwambia Chiriku baadaye. "Nilisoma daftari lako, sikukusoma wewe. Kosa hilo ni langu pia, si lako peke yako."

Kisha kazi ikaanza, na safari hii Chiriku alishindwa kujua nani daktari na nani muuguzi. Miwani alipendekeza warudi kwenye dozi ya zamani. Twiga alihesabu, Dada Pole akauliza chai ya nyumbani huwa tayari saa ngapi, na mama akasema angemwomba bibi wa nyumba ya jirani awe anakuja asubuhi kukaa na mtoto. Waliposahau jambo, aliwakumbusha mgonjwa mwenyewe: "Na shuleni je? Saa nne ndiyo huanza kutetemeka." Wote wakageuka, wakaandika maneno yake. Chiriku hakuamini. Watu wanaosomea vitabu vinene kama matofali walikuwa wanaandika maneno yake!

Saa sita daktari bingwa alipita. Aliisoma ile karatasi mpya, akauliza maswali makali mawili matatu, akatia sahihi. "Nani amegundua hili?" aliuliza.

Miwani angeweza kujisogeza mbele. "Meza nzima, daktari," alijibu. "Pamoja na mgonjwa."

Wiki iliyofuata Chiriku alirudi shuleni. Hakwenda peke yake. Dada Pole na Twiga walisimama mbele ya darasa kwa ruhusa ya mwalimu mkuu, wakaeleza kisukari ni nini na kwa nini mtu anaweza kuanguka.  Kisha yule mvulana wa dawati la nyuma, aliyemfananisha na gunia la viazi, akanyoosha mkono, uso umemshuka.

"Kwa hiyo siku ile alikuwa anaweza kufa?"

"Alikuwa anaweza," alijibu Twiga.

"Sasa akitetemeka tena, tufanye nini?"

Walifundishwa. Rafiki wa Chiriku akajitolea kuweka pakiti ya glukosi kwenye mkoba wake, na mwalimu akaweka nyingine kwenye droo ya meza yake. Jina la Gunia lilikufa kifo cha kawaida, bila mazishi.

Miezi miwili baadaye, sukari ya Chiriku ikiwa imetulia, Mkufunzi alimwalika chuoni yeye na mama. Chiriku aliingia ukumbini akasimama kama amegandishwa. Kulikuwa na wanafunzi wapya wapatao sitini, wa udaktari upande mmoja, wa uuguzi upande wa pili, wa famasia na wa maabara nyuma, kila kundi limejitenga na jingine.

"Leo mwalimu wenu ni huyu," Mkufunzi aliwatangazia.

 Akamwona Miwani kwenye safu ya mbele, akimtolea tabasamu. Basi akasimulia yote: uongo wake, tiki zake zenye mikia mirefu, paja laini, chupa isiyoisha, na karatasi iliyochorwa mstari.   Alipomaliza, Miwani akasimama, wakasimama wote, na makofi yakatikisa madirisha.

Mkufunzi alingoja yaishe.

"Watu husema kidole kimoja hakivunji chawa," alisema. "Mimi nawaambia hata vidole kumi havivunji, kama kila kimoja kimekaa mfuko wake. Mtoto huyu aliokolewa na watu watatu waliokubali kusikilizana, na mmoja wao kukubali kwamba amekosea. Lakini hata wao wangepapasa gizani kama yeye asingepata ujasiri wa kusema kweli." Akamgeukia Chiriku, akamshika bega. "Na wewe, mwanangu, ukumbuke hili maisha yako yote. Anayekutibu si mchawi wa kujua usichomwambia. Ukimficha ukweli, unamfunga mikono akiwa anataka kukushika. Aibu ya kusema huisha kwa siku moja. Uongo juu ya ugonjwa hautosheki mpaka umechukua uhai."

"Nimeelewa, Mkufunzi," alisema Chiriku.

"Haya, ninyi!" Mkufunzi aliwaambia wanafunzi. "Nyanyukeni. Asikae mtu karibu na wa kozi yake."

Viti vikakwaruza sakafu ukumbi mzima. Walipishana, wakagongana mabega, wakaombana radhi, wakaanza kuulizana wewe unasomea nini, na kwenu mnafundishwa nini. Kelele ilipanda kama ya sokoni. Chiriku alisimama mbele akiwa ameshikana mkono na mama yake, akiwatazama wanavyochanganyika, na tayari ameanza kuwatafutia majina.